Tunayoyaamini kuhusu ugomvi, na yalivyo kweli

Watu wawili wakikosana, au nchi mbili, ushauri huwa tayari mdomoni. Mwingi ni methali, kwa hiyo hakuna anayeuhoji. Kwa maoni yangu, ushauri huo hukosea mahali pamoja: hudhani ugomvi unaendeshwa na chuki, wakati mara nyingi unaendeshwa na hofu.

"Funika kombe mwanaharamu apite"

Dhana ni kwamba wanaopendana hawagombani, na wakigombana wanyamaze tu, yatapita. Mwanasaikolojia wa Marekani John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miongo kadhaa, alikuta kwamba asilimia 69 hivi ya mambo wanayogombania hayaishi kamwe. Mmoja anapenda wageni, mwingine anapenda utulivu. Mmoja anaweka akiba, mwingine anatumia. Miaka inapita na tofauti iko palepale, hata katika ndoa zenye furaha. Kinachozitofautisha na zile zinazovunjika ni namna ya kuyazungumza.

Chukua mume aliyerudi usiku sana bila kupiga simu. Mkewe anaweza kumwambia, "Ulipokaa kimya nilipata wasiwasi. Siku nyingine naomba unijulishe." Anaweza pia kumwambia, "Wewe hujawahi kumjali mtu." La kwanza linalalamikia tendo, na tendo hurekebishika. La pili linamshambulia mtu mzima mzima, naye atajibu mapigo: "Na wewe je, juzi?" Baada ya muda mfupi hakuna anayekumbuka habari ya simu, wala ule wasiwasi uliokuwa kiini cha yote. Mmoja akisonya, au akiigiza sauti ya mwenzake kwa kejeli, hapo wamefika kwenye dharau. Gottman aliiona dharau kuwa dalili kubwa kuliko zote ya ndoa itakayovunjika.

Kununa siku tatu hakusaidii. Kusimamisha mazungumzo kwa muda kunasaidia sana, kwa sababu moyo ukishapita mapigo 100 kwa dakika mtu hasikii anachoambiwa, hata akitaka. Pumzikeni angalau dakika 20, na mpatane saa ya kurudi. Wala usiamini kwamba kupigapiga vitu kunatoa hasira. Mwanasaikolojia Brad Bushman alilipima hilo katika utafiti wake wa mwaka 2002: waliopiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira kuliko waliokaa tu bila kufanya lolote.

Nayasema haya kwa watu waliokosana. Penye kipigo au vitisho, kinachotangulia ni usalama wa anayepigwa. Usuluhishi si mahali pake.

"Wakutanishe uso kwa uso, kila mmoja apunguze nusu"

Septemba 1978, Rais Jimmy Carter wa Marekani aliwaalika Camp David, makazi yake ya mapumziko, Rais Anwar Sadat wa Misri na Waziri Mkuu Menachem Begin wa Israeli. Siku za mwanzo aliwakalisha pamoja. Walizozana vibaya mno, hata akaamua kuwatenga, na kwa siku nyingi zilizofuata yeye na wasaidizi wake wakawa wanapeleka rasimu huku na huku, zaidi ya 20. Wapo wanaogombana wasioweza kusikilizana hadi awepo mtu wa kati wa kuyabeba maneno.

Na kukata nusu? Israeli iliiteka rasi ya Sinai mwaka 1967. Misri iliidai yote. Israeli ilitaka kubakiza sehemu. Mstari wowote ambao ungechorwa katikati ungekataliwa na upande mmoja. Njia ilipatikana walipotazama kila upande unaogopa nini. Israeli iliogopa vifaru vya Misri kujipanga tena mpakani. Misri haikuweza kuvumilia ardhi yake ikae chini ya bendera ya mwingine. Hofu hizo mbili zinaweza kutulizwa kwa pamoja: Sinai irudi yote kwa Misri, na majeshi yawekewe mipaka ndani yake. Ndivyo ilivyokuwa. Mkataba ulisainiwa Machi 1979, Israeli ikamaliza kuondoka 1982, na nchi hizo mbili hazijapigana vita tena. Wapalestina hawakuwamo kwenye mazungumzo, na suala lao likabaki bila ufumbuzi.

Kuna jambo moja la siku ya mwisho pale Camp David ambalo sichoki kulisimulia. Mazungumzo yalikuwa karibu kuvunjika, Begin akiwa amekasirika. Carter alimpelekea picha za viongozi wote watatu alizozisaini, kila moja ikiwa na jina la mjukuu mmoja wa Begin. Begin alizisoma jina moja baada ya jingine, macho yakamlengalenga. Baadaye siku hiyohiyo walikubaliana.

"Dawa ya moto ni moto"

Oktoba 1962 Marekani iligundua makombora ya Kisovieti nchini Kuba, dunia ikasogea ukingoni mwa vita vya nyuklia. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba Rais Kennedy wa Marekani alishinda kwa kukaza msimamo hadi Khrushchev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, akarudi nyuma. Ukweli ni kwamba Kennedy aliahidi kutoivamia Kuba, na kwa siri akakubali kuyaondoa makombora ya Marekani aina ya Jupiter yaliyokuwa Uturuki. Ukali ulikuwepo, lakini Khrushchev alipewa pia njia ya kutoka. Juni 1963 pande hizo mbili zikakubaliana kuweka laini ya mawasiliano ya moja kwa moja kati ya Washington na Moscow, maana kila upande ulikuwa umeona jinsi ujumbe unaochelewa unavyoweza kuua.

"Ni chuki za kale, hata mkataba haufai kitu" (au kinyume chake: "Wameshasaini, yamekwisha")

Watafiti James Fearon na David Laitin walichunguza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1945 hadi 1999. Wingi wa makabila au dini katika nchi haukueleza wapi vita vingezuka. Umaskini na serikali dhaifu vilieleza zaidi. Nchini Rwanda, Wahutu na Watutsi walikuwa wakizungumza lugha moja na kuoana. Vitambulisho vya kabila viliwekwa na utawala wa Wabelgiji miaka ya 1930, na redio RTLM, iliyoanza 1993, iliwajaza watu hofu ya majirani zao kila siku. Chuki ile ilikuwa na watengenezaji.

Mkataba nao ulikuwepo. Ulisainiwa Arusha tarehe 4 Agosti 1993, na miezi minane baadaye mauaji ya kimbari yakaanza. Mtafiti Barbara Walter ameonyesha kwamba sehemu ngumu huja baada ya saini: anayeweka silaha chini anabaki hana kinga, akimtegemea adui wa jana atimize ahadi. Bila mlinzi wa kati anayeaminika, hofu hiyo huwarudisha watu vitani. Msumbiji ilisaini amani yake Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Umoja wa Mataifa ukapeleka maelfu ya askari, kundi la waasi la Renamo likasaidiwa kugeuka chama cha siasa, na uchaguzi ukasubiri hadi Oktoba 1994. Mapigano yalirejea 2013, lakini nchi ilikuwa imeshapata miaka ishirini. Kwa Rwanda, Aprili 1994, mauaji yakiendelea, Baraza la Usalama liliamua kupunguza kikosi chake hadi watu 270. Sioni neno la kulipunguzia uzito jambo hilo.

"Silaha za kisasa zimefanya vita kuwa vifupi"

Mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, pia wengi waliamini vita vingekwisha kabla ya Krismasi. Vita vya Ukraine, vilivyopamba moto Februari 2022, vina droni angani na mahandaki ardhini kama yale ya karne iliyopita, na viliingia mwaka wa nne. Mabomu yanapotumika mijini, takriban asilimia 90 ya wanaouawa na kujeruhiwa ni raia.

"Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo"

Nyumbani, "samahani kama nimekukwaza" haimwonyeshi mtu kwamba unajua ulichomtendea. Litaje kosa lenyewe. Afrika Kusini ilijaribu hilo kitaifa kupitia Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Askofu Desmond Tutu: msamaha wa kisheria ulitolewa tu kwa aliyeyasema yote aliyoyatenda enzi ya ubaguzi wa rangi. Maombi yalizidi 7,000; yaliyokubaliwa ni 849. Lakini wengi walionyimwa, na wale ambao hawakujitokeza kabisa, hawakufikishwa mahakamani, na familia zikabaki na maswali. Ahmed Timol, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi huo, alikufa mwaka 1971 kwa kuanguka kutoka ghorofa ya kumi ya kituo cha polisi Johannesburg, na uchunguzi wa wakati ule ukasema alijiua. Familia yake haikukubali. Mwaka 2017, baada ya uchunguzi kufunguliwa upya, jaji aliamua kwamba aliuawa na polisi.