Rafiki anayekuitikia marahaba

Tukiwa wadogo, amri ya nyumbani ilikuwa fupi: cheza na rika lako. Mtoto aliyeshinda na wakubwa aliambiwa kazeeka mapema, na mtu mzima aliyekaa sana na vijana alionekana ana kasoro fulani. Tukakua tukijua kwamba rafiki ni mtu mliyesoma naye darasa moja, mliyetahiriwa naye msimu mmoja au mliyeanza naye kazi. Urafiki wa marika tofauti ni ule unaovuka mpaka huo: watu wazima wawili, umri wao umeachana kama mzazi na mwana au babu na mjukuu, wanaotafutana kwa hiari yao, bila udugu, ajira wala deni la kuwalazimisha.

Hayo maneno "kwa hiari yao" ndiyo yenye uzito. Mzee anayekulipia ada ni mfadhili wako, na unaweza kumpenda sana, lakini huwezi kumwambia leo sina muda. Kijana anayemtunza bibi wa jirani anafanya wema. Fundi na mwanagenzi wake wana kazi iliyowaunganisha. Urafiki unaanza pale ambapo kila mmoja anaweza kukataa, kila mmoja anaweza kuchekwa, na kesho yake bado kila mmoja anamtafuta mwenzake.

Kiswahili hakina neno moja la jambo hili. Hirimu ni mtu wa umri wako, kwa hiyo halifai. Swahiba na mwandani hayasemi chochote kuhusu umri. Lililo karibu zaidi ni somo: kwa watu wa pwani somo ni rafiki, ni mtu mwenye jina kama lako, na pia ni mwanamke mkubwa anayemfunda mwali. Neno moja limebeba urafiki na tofauti ya umri pamoja. Huku Moshi sijalisikia likitumika hivyo. Sisi tunaazima maneno ya ukoo: babu, bibi, mzee wangu, Meku kwa wenye Kichaga chao; na kutoka upande wa pili, mjukuu wangu, kijana wangu. Ndiyo maana urafiki huu hauonekani kirahisi. Mtu akisema "napita kwa babu", unajua tu ni babu yake.

Wangu mimi namwita Mzee. Ana miaka 76, mimi 33. Alifanya kazi reli. Mimi natengeneza simu kwenye kibanda kisicho mbali na stesheni. Siku ya kwanza alikuja kulalamika kwamba maandishi ya simu yake yamekuwa madogo. Nikayakuza hadi mwisho, nikakataa hela, akachukia kidogo, kisha akauona ubao wa drafti juu ya ndoo. Kete zetu ni vizibo vya soda, yeye hulaza vyake kifudifudi, mimi chali. Alinifunga mara nne. Mara mbili za mwanzo nilikuwa namwachia.

Kila asubuhi natoa shikamoo, anaitikia marahaba, na dakika tano baadaye namwambia kazeeka mpaka haoni kingi inakotokea. Wapo wanaodhani hapo pana mgongano: kama unamwamkia shikamoo, salamu inayosemwa imetokana na kushika miguu ya mkubwa, utamtania vipi? Mimi naona ni kinyume chake. Shikamoo ni nauli. Ukishailipa, umepanda, na safari iliyobaki ni ya abiria wawili. Niliwahi kumwona kijana aliyetaka kuonyesha ukaribu na mtu mzima kwa kumwamkia "mambo vipi". Alijibiwa vizuri tu, ila hakukaribishwa kukaa.

Na si kwamba wazee wetu hawakulijua jambo hili. Walilijua, wakaliwekea mahali pake, na mahali penyewe ni kuruka kizazi kimoja. Baba ana mamlaka juu yako, kwa hiyo unamwogopa. Babu mamlaka yake yamekwisha kupita kwa baba, kwa hiyo unaweza kumvuta ndevu. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu" mbele ya mkewe halisi, na wote wanacheka. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika kuhusu utani wa namna hii, akaueleza kama uhusiano ambamo mmoja anaruhusiwa, mara nyingine anatakiwa kabisa, kumtania mwenzake, na mwenzake hapaswi kukasirika. Bibi yeyote wa Kibosho angeweza kumweleza hayo bila karatasi.

Nenda upande wa Arusha uone mpango uleule ukiwa mkubwa zaidi. Kwa Wamaasai na Waarusha, rika si kundi la umri tu, ni chama cha maisha: mnatahiriwa ndani ya kipindi kimoja, mnapewa jina, mnapanda ngazi pamoja kutoka moran, yaani vijana wapiganaji, hadi wazee. Lakini wanaowasimamia vijana si wa rika linalofuata juu yao, kwa maana hao ndio wanaogombea nao nafasi. Ni wa rika la pili juu. Hao ndio wanaowawashia moto kwa kupekecha vijiti, na uhusiano huo unaitwa olpiron, kwa jina la vijiti hivyo. Hawakosi ukali, kwa kuwa wana nguvu ya kulaani, lakini ndio walio upande wa vijana. Kutokana na hayo mimi naamini, nanyi mtanikatalia mkipenda, kwamba urafiki wa watu walioachana miaka arobaini ni mwepesi kuliko wa walioachana miaka ishirini. Aliyekuzidi ishirini bado anatamani kukulea.

Mjini mpangilio umevunjika kidogo. Babu yuko kihambani, kwenye shamba la ukoo la migomba, Marangu mlimani; mjukuu yuko Pasua, mjini Moshi; wanaonana Desemba. Marafiki wa rika tofauti mjini huwa hawana ukoo, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Mzee mwenye kijana asiye ndugu: huyo kijana anafuata mafao. Mama mtu mzima na kijana wa kiume: hilo silihitaji kulimaliza. Na Uchaggani kuna swali la ziada, la kihamba. Kwa desturi kitinda mimba wa kiume ndiye anayerithi boma la wazazi, na ardhi ya mlimani ni finyu, kwa hiyo mgeni yeyote anayezoeana na mzee huhesabiwa migomba anayoitazama. Mwanawe Mzee alipokuja likizo aliketi kibandani kwangu saa nzima akiniuliza maswali ya simu ambayo hakuyahitaji. Simlaumu. Kuna matapeli wa kweli wanaowakalia wazee, na kipimo ninachokiamini ni uwazi: urafiki wa halali watu wa nyumbani wanaujua. Kama ni mtu mzima na mtoto, na wazazi wa mtoto wanafichwa, hapo tumetoka kwenye mada ya urafiki, tuko kwenye jambo la kuripoti.

Sasa, kila mmoja anapata nini? Kwa kijana, jibu nililifahamu vizuri Desemba. Wachaga wanapopanda nyumbani kula sikukuu, mji hujaa magari, na wewe uliyesoma nao unapimwa kwa macho kuanzia viatu. Nani kajenga, nani kaoa, nani bado yuko kwenye kibanda. Mzee hayumo kwenye mashindano hayo. Hajui hata mwenzangu fulani anafanya kazi wapi. Kwake mimi ni mtu anayeacha kete ya nyuma wazi, kosa hilo hilo, tangu tulipojuana.

Kwa upande wake yeye alinijibu mwenyewe, bila kuulizwa. Wenzake wa reli wanakwisha. Waliobaki wanazungumza presha na sukari. "Wanangu," alisema, "hadithi zangu wamezisikia, wanazimalizia wao." Mimi sijazisikia. Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka ishirini, tulikwenda wote stesheni. Alikuwa amepiga pasi shati. Umati ulikuwa unapiga picha za mabehewa. Yeye aliinama kuangalia magurudumu, kisha akaning'oa simu mkononi akaipachika kwenye mfuko wa shati langu. "Sikiliza breki," akasema. Nikasikiliza. Sikuelewa nilichosikia, akanieleza njia nzima ya kurudi, na lile ndilo somo refu kuliko yote niliyowahi kupewa kuhusu vyuma.

Yeye ni Mpare wa Same, na mimi ni Mchaga, watani tangu zamani, kwa hiyo tuna utani juu ya utani. Mimi namwambia atauza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Yeye anasema Mchaga akifa, angusha sarafu uhakikishe.

Gharama ya urafiki huu inajulikana: mmoja atatangulia, na kwa kawaida tunajua ni nani. Mwaka jana nilimsindikiza kumzika mwenzake wa kazini. MC akaita mashada kwa makundi: watoto, wajukuu, wakwe, majirani, waliofanya naye kazi. Rafiki hakuitwa. Tuliporudi kibandani nikamuuliza, siku yake ikifika, mimi nitasimama na kundi lipi. Mjukuu si mjukuu, jirani si jirani.

Akapanga vizibo vyake kwanza, kimoja kimoja, kifudifudi.

"Wewe hushiki shada," akasema. "Wewe ni mtani. Utakaa mlangoni, uzuie jeneza mpaka walipe."

"Wakilipa ngapi niachie?"

"Usishuke chini ya elfu hamsini."

Nikamwambia Wapare wakisikia elfu hamsini watamwacha ndani humo humo. Akanitazama, akacheka mpaka akakohoa, kisha akala viwili vyangu kwa mpigo.