Sauti ya Kocha si Kosa, Mkono Wake Ni Kosa

Msimu wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani huanza Novemba, na wiki chache tu baadaye malalamiko ya wazazi wenye vijana huko kwa ufadhili huanza kumiminika. Mengi yanafanana: kocha anamfokea mwanangu, kamkalisha benchi, tufanye nini? Yapo na ya upande wa pili, ambayo yanatutia wasiwasi zaidi. Mzazi anajua kijana anasukumwa mazoezini, lakini ananyamaza kwa kuamini kwamba kocha asiye mkali hashindi.

Tuanze na imani hiyo. Wanaoishikilia humtaja kocha Bobby Knight, aliyekipa Chuo Kikuu cha Indiana ubingwa wa taifa mwaka 1976, 1981 na 1987. Timu yake ya 1976 ilishinda mechi zote 32, na hakuna timu ya wanaume ya daraja la juu la vyuo iliyomaliza msimu na ubingwa bila kufungwa tangu hapo. Huyohuyo ndiye aliyerusha kiti uwanjani Februari 1985 dhidi ya chuo cha Purdue. Watu wamekumbuka kiti, wamekumbuka makombe, wakaviunganisha. Siku ya kiti Indiana ilifungwa 72–63. Baada ya 1987 Knight alikaa Indiana miaka 13 mingine bila kutwaa ubingwa wa taifa. Mei 2000, baada ya video ya mazoezi ya 1997 kumwonyesha akimkamata mchezaji shingoni, chuo kilimtoza faini ya dola 30,000, kikamfungia mechi tatu na kumpa onyo la mwisho. Septemba mwaka huohuo akafukuzwa. Makombe yake yalitokana na ulinzi wa mtu kwa mtu na mashambulizi yaliyowalazimu wachezaji kusoma mchezo wenyewe. Tunaomba jambo hili lisiendelee kutuletea ubishi.

Mfano wenye faida zaidi ni John Wooden, kocha wa chuo cha UCLA, mabingwa mara 10 kati ya 1964 na 1975. Katika msimu wake wa mwisho, watafiti Roland Tharp na Ronald Gallimore walihudhuria mazoezi 15 wakahesabu kila alichofanya au kusema: matendo 2,326. Takribani asilimia 75 yalibeba maelekezo, yaani weka mguu hapa, pasi mapema, rudi kwenye ulinzi. Sifa zilikuwa asilimia 6.9, na kuonyesha kutoridhika asilimia 6.6. Kumbe kuuliza kama kocha ni mpole au mkali ni kuuliza swali lisilo sahihi. Cha kuuliza ni nini kinachofuata baada ya kelele. Wooden alipokaripia, mara nyingi karipio lilikuja na sahihisho lake papo hapo, na alipoonyesha kitendo kwa mwili wake ilikuwa sekunde chache tu, kazi ikaendelea.

Kwa hiyo kabla ya kutuandikia, mwambie kijana aandike kwa siku tatu za mazoezi kila alichofokewa, neno kwa neno. “Umechelewa! Mfunike kabla hajapokea mpira!” ni ufundishaji, hata kama umesikika hadi maegesho ya magari. “Wewe huna maana” haina cha kurekebisha, na mchezaji anayesikia hilo siku baada ya siku huanza kucheza kwa kukwepa lawama: hapigi mpira akiwa wazi, anapasia mwenzake tatizo.

Siku ya mechi hasira ina bei inayohesabika. Faulo ya kiufundi (adhabu ya utovu wa nidhamu) ya daraja A, lile zito, kwa kocha huwapa wapinzani mitupo huru miwili, na wao huchagua mpigaji wao bora. Mpigaji wa asilimia 85 maana yake ni wastani wa pointi 1.7 za bure. Faulo mbili za aina hiyo, kocha anatoka uwanjani. Kwa wanaume, eneo la kocha lina urefu wa futi 38, karibu mita 11.6. Akilivuka anaonywa, akirudia ni faulo ya daraja B, lile jepesi, na mtupo mmoja. Tena tangu msimu wa 2015–16, kocha wa wanaume haruhusiwi kuomba taimauti (kusimamisha mchezo kwa muda mfupi ili kupanga mbinu) mpira ukiwa unachezwa. Aombe mchezaji. Timu ambayo wachezaji wake wanaogopa kutazama benchi itaikosa taimauti hiyo. Na katika mechi za televisheni taimauti za timu ni nne tu, tatu kati yake za sekunde 30. Ukitumia 15 kupayuka, huna muda wa kuchora mpango.

Si kwamba utulivu unaleta kombe peke yake. Virginia ya Tony Bennett, kocha mtulivu, ilikuwa mwaka 2018 timu ya kwanza ya wanaume ya nafasi ya 1 (iliyopangwa juu kabisa katika kundi lake la mashindano ya taifa) kufungwa na ya nafasi ya 16 (ya chini kabisa), 74–54 dhidi ya chuo cha UMBC. Mwaka uliofuata ikawa bingwa.

Sasa taratibu. Kufoka si kosa la kikanuni. Kugusa kwa nguvu, kurusha vitu, matusi ya rangi au ya kijinsia, na mazoezi ya mwili kama adhabu ni mambo ya kuripoti. Kocha Mike Rice wa chuo cha Rutgers alifungiwa mechi tatu Desemba 2012 kwa mwenendo wake mazoezini. Video yake akiwarushia wachezaji mipira ilipotangazwa Aprili 2013, alifukuzwa kesho yake. Hata hivyo msirekodi kwa siri bila ushauri. Katika baadhi ya majimbo, California likiwemo, kurekodi mazungumzo ya faragha kunahitaji ridhaa ya wote.

Andikeni tarehe, saa, mahali, maneno na waliokuwepo. Angalieni pia saa za mazoezi na mechi: kwenye msimu kikomo ni saa 20 kwa wiki, zisizidi nne kwa siku, na siku moja ya kupumzika. Mechi huhesabiwa saa tatu, iwe imedumu muda gani. Barua iende ofisi ya uzingatiaji wa kanuni ya chuo, nakala kwa mwakilishi wa wahadhiri katika michezo. Msimpigie kocha usiku. Ufadhili ukikatwa, ombeni uamuzi huo kwa maandishi, kisha ombeni kusikilizwa na chombo kilicho nje ya idara ya michezo. Kukalishwa benchi hakukatiwi rufaa popote.

Kuhama kunaanza kwa maombi ya maandishi ndani ya dirisha la uhamisho, yaani kipindi kilichowekwa, na chuo kina siku mbili za kazi kuingiza jina kwenye orodha ya wanaotaka kuhama. Jina likishaingia, chuo kinaweza kufuta ufadhili mwishoni mwa muhula, kwa hiyo msiombe kwa hasira ya mechi moja. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, amwone kwanza ofisa wa wanafunzi wa kimataifa ili rekodi yake ihamishwe, na asishuke chini ya krediti 12 za masomo kwa muhula bila idhini. Kuna vijana wanaofungasha katikati ya muhula wakidhani wanamkomoa kocha, kumbe wanapoteza hadhi ya viza.