Udongo hai si udongo wenye rutuba

Kwa wafugaji wa mijusi, nyoka na vinyonga, udongo hai ni ule wa ndani ya kizimba cha kioo ulio na vidudu vya kula kinyesi, magamba yaliyovuliwa na majani makavu, ili mfugaji asiwe anabadilisha udongo kila mara. Basi, maana yenyewe haina makuu.

Kinachonikera ni rutuba. Juzi mpwa wangu aliyeko Leeds alinionyesha kizimba chake kwa video. "Mjomba, huu udongo una rutuba balaa, ni ule wa kupandia nyanya." Nikamwambia asogeze simu. Punje za mbolea ya dukani zimetapakaa kama shanga, na vile vidudu vya kijivu vinavyojiviringa vikiguswa vimejibana vyote chini ya kipande cha gome.

Neno rutuba tumelitoa kwa Waarabu, na kwao ni unyevu tu: wa hewa, wa ukuta, wa shuka isiyokauka. Sisi tukaona penye unyevu panaota, tukalifanya neno la shibe ya mimea. Sina ugomvi na hilo. Ila kizimba cha mjusi wa msituni kinataka rutuba ya Waarabu, si hii yetu: unyevu, nafasi ya hewa kati ya chembe, na mbolea isiwepo kabisa. Hai nalo ni la Kiarabu, lakini lilifika na maana yake nzima. Kilicho hai kina uhai, na uhai huo ni wa vile vidudu, si wa mfuko wa udongo wa dukani.

Mchanganyiko maarufu wa Bustani ya Mimea ya Atlanta, Marekani, hauna udongo wa shambani hata kiganja: ni magome, mkaa, nyuzi za kangaga na mimea ya kinamasini. Sisi wa pwani tuna makumbi ya nazi, yanafaa sana, mradi yasiwe yale yaliyofukiwa ufukweni kungoja kusokotwa kamba. Hayo yamekunywa chumvi. Mjusi wa jangwani ana habari yake: udongo wa kawaida usiotiwa kitu, na mchanga.

"Sasa huu niuiteje?" akaniuliza.

Huo una rutuba, mjomba, hukukosea. Usiutupe, upandie nyanya. Wa kizimbani tutauita hai vidudu vikishazaana humo.