Je, Wajua kwa Nini Manowari ya Angani Inahitaji Mabawa?

Vijana wa Arusha na Moshi wanaochora vyombo vya angani kwa ajili ya michezo ya kompyuta au hadithi za picha huanza na mizinga. Wangeanza na rediata.

Tuchukue manowari ndogo ya kubuni, ya aina iitwayo Meru, iliyoundwa kusindikiza meli za mizigo kati ya sayari. Ina mabaharia 12 na kinu cha nyuklia cha megawati 10 za umeme. Kwa ufanisi wa asilimia 25, kinu hicho huzalisha megawati 40 za joto. Zile 30 zisizogeuka umeme lazima zitoke nje, la sivyo watu wataiva humo ndani.

Dereva anayepandisha Land Cruiser ya watalii Ngorongoro anajua kuwa rediata hutegemea upepo na feni. Kileleni Kibo, mita 5,895, hewa ni karibu nusu tu ya ile ya pwani. Angani haipo kabisa. Njia ya kudumu inayobaki ni mnururisho: joto kutoka kama mwanga utokavyo, na halijoto ikipanda kidogo, kiasi kinachotoka hupanda sana.

Bamba la nyuzi 727 za Selsiasi huiva wekundu na kutoa kama kilowati 51 kwa kila mita ya mraba. Kwa kuwa linatoa joto pande zote mbili, mabamba manne ya mita 5 kwa 15 yanatosha kwa megawati 30. Mabamba haya ndiyo mabawa ya manowari.

Sasa njoo kwenye kompyuta, rada na mabaharia. Joto lao ni kilowati 200 tu, lakini lazima wakae kwenye nyuzi 27 hivi, na bamba la nyuzi hizo hutoa wati 413 tu kwa mita ya mraba. Hesabu inadai mabamba ya mita za mraba 242. Joto ni dogo mara 150, bawa linakaribia lile la kinu! Hapa ndipo michoro mingi huharibika.

Mabawa yote yakae kwenye bapa moja, yale ya kinu mawili kila ubavu. Yakitazamana, moja humrudishia mwenzake joto. Bawa la baridi, yaani la kompyuta na mabaharia, lielekeze ukingo kwa Jua, kwa sababu karibu na Dunia Jua humwaga wati 1,361 kwa mita ya mraba.

Ndani ya bawa la moto, lile la kinu, pitisha aloi (mchanganyiko wa metali) ya sodiamu na potasiamu, kama ilivyofanywa kwenye kinu cha Kimarekani SNAP-10A kilichorushwa mwaka 1965. Sodiamu peke yake huganda ikishuka chini ya nyuzi 98, hivyo kinu kikizimwa mabomba huziba. Gawa mabomba katika mizunguko kadhaa yenye vali, ili jiwe dogo likitoboa moja, mengine yaendelee.

Vita vikianza, mabawa hukunjwa yasipigwe, na joto huchemsha maji yanayotupwa nje kama mvuke. Kinu kikiendelea kwa nguvu zote, dakika 10 humaliza tani 7. Kwa hiyo nahodha hupunguza kinu kwanza, kisha hukunja.

Ukitaka bawa la kinu lipungue nusu, pandisha halijoto hadi nyuzi 927. Ufanisi wa kinu utashuka, na bawa la kompyuta halitapungua hata sentimita moja.