Kilometa za chakula na dhana nyingine zinazonichosha

Mteja akija kutaka ushauri wa kula bila kuiumiza dunia, swali lake la kwanza nalijua: "Hiki kimetoka mbali?" Haulizi ni chakula gani wala kimezalishwaje. Kwake cha karibu ni halali, kilichovuka bahari ni dhambi.

Si kweli. Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha uchambuzi wa takwimu za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119. Gesi joto nyingi za chakula, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, hutoka shambani kwenyewe: ng'ombe anapocheua hutoa methani, mbolea hutoa oksidi ya nitrojeni, na msitu ukifyekwa kupisha malisho kaboni yake huishia hewani. Kwa nyama ya ng'ombe, usafirishaji haufiki hata asilimia 1 ya gesi hizo zote. Nyanya ya jirani iliyokuzwa wakati wa baridi kwenye banda la vioo linalopashwa moto kwa gesi inaweza kuchafua kuliko iliyoiva juani ikaja kwa lori kutoka nchi nyingine. Mkosaji ni ndege, ambayo kwa kila tani na kila kilometa huchafua mara makumi kuliko meli. Basi tazama matunda laini na mboga changa za nje ya msimu, zile zinazoletwa kwa ndege kwa kuwa hazivumilii wiki mbili njiani. Ndizi na mchele husafiri kwa meli, usivihofu.

Unanunua kwa mkulima wa karibu ili pesa ibaki kwake? Vizuri sana, endelea. Ila hiyo si hesabu ya kaboni.

Sasa dhana nyingine. "Njaa ipo kwa sababu chakula hakitoshi." Kinatosha. Mwanauchumi Amartya Sen alionyesha kwamba wengi waliokufa kwa njaa Bengal, India ya wakoloni, mwaka 1943 walishindwa kukinunua.

"Wanaotupa chakula ni wafanyabiashara." Kwa makadirio ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 maduka, migahawa na nyumba zilitupa tani bilioni 1.05, asilimia 60 ilitoka majumbani. Kabla ya kubishana kuhusu meli, fungua friji yako.

"Kilimo hai hakitumii dawa za kupulizia mimea." Kinatumia zilizoruhusiwa, zikiwemo za shaba.

"Chokoleti yenye nembo ya biashara ya haki (Fairtrade) haijaguswa na mtoto." Nembo inakataza ajira ya watoto, lakini mkaguzi hashindi shambani. Kodivaa na Ghana hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote duniani, na watoto bado wamo humo wakipasua maganda kwa panga, kwa kuwa bei anayopata baba yao haitoshi kumlipa kibarua.