Ukumbi wa maonyesho wa Sabbioneta: kwa nini kibali hutangulia kazi

Kila Septemba, Siku za Urithi wa Ulaya zinapokaribia, maombi ya kutumia majengo ya kale nchini Italia huongezeka, na malalamiko kwamba wahifadhi wanawanyima wananchi mali yao huongezeka pamoja nayo. Historia ya ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Sabbioneta, mji mdogo wa mkoa wa Mantova, inaeleza kwa nini kuna utaratibu wa kuomba kibali kabla ya kazi.

Ukumbi huu ulibuniwa na msanifu majengo Vincenzo Scamozzi mwaka 1588 kwa amri ya mtawala wa mji, Vespasiano Gonzaga, na ulifunguliwa wakati wa karnavali ya 1590. Si kazi ya Palladio, msanifu mwingine wa karne hiyo, ingawa kosa hilo halichoki kurudiwa. Ukumbi wa Palladio uko Vicenza, nao uliingizwa ndani ya kuta zilizokuwapo, ilhali wa Sabbioneta ulijengwa tangu msingi kwa ajili ya maonyesho pekee, ukapewa hata mlango wa nyuma wa wasanii. Ndani yake, nyuma ya ngazi za watazamaji zilizojipinda, zimesimama nguzo za baraza alimoketi mtawala zikiwa zimebeba sanamu za miungu ya kale, na kutani wamechorwa watu wanaochungulia kutoka roshanini kana kwamba nao wamekuja kutazama mchezo.

Vespasiano alifariki mwaka 1591, na baada yake jengo likabaki bila kazi lililojengewa. Kwa nyakati mbalimbali liligeuzwa kambi ya askari, ghala, na baadaye sinema. Mandhari ya jukwaa aliyoisanifu Scamozzi, mtaa wa mbao ulioonekana kwenda mbali, ilipotea, na michoro ikafunikwa kwa chokaa hadi ilipogunduliwa upya katika ukarabati wa karne ya 20. Mandhari wanayoipiga picha wageni leo ni ya mwaka 1996, iliyotengenezwa kwa kufuata mchoro wa Scamozzi uliohifadhiwa Firenze. Huenda hakuna aliyekusudia kuuharibu ukumbi huu. Huenda kila aliyeutumia aliona anafanya marekebisho madogo tu.

Hiyo ndiyo sababu Kanuni ya Urithi wa Utamaduni, yaani Amri ya Kisheria namba 42 ya 2004, inadai kibali cha Soprintendenza, ofisi ya serikali inayosimamia urithi, kabla ya kazi ya aina yoyote, pamoja na kuhamisha kwa muda vitu vinavyolindwa. Wapo wanaoshikilia kwamba jengo likiwa la manispaa, barua ya meya inatosha. Haitoshi, kwa kuwa manispaa yenyewe huomba kibali kama mtu mwingine. Maombi huambatana na mchoro au maelezo ya kazi, na jibu hutolewa ndani ya siku 120, isipokuwa ofisi ikitaka ufafanuzi, ambapo hesabu ya siku husimama hadi upatikane. Ukimya wa ofisi si ruhusa.

Anayefanya kazi bila kibali anakabiliwa na kifungo cha miezi 6 hadi mwaka 1 na faini ya yuro 775 hadi 38,734.50. Anayeharibu mali ya urithi anashtakiwa kwa Sheria namba 22 ya 2022: kifungo cha miaka 2 hadi 5 na faini ya yuro 2,500 hadi 15,000. Kuitumia kinyume na hadhi yake ya kihistoria ni kosa jingine, lenye kifungo cha miezi 6 hadi miaka 3 na faini ya yuro 1,500 hadi 10,000. Mahakama ikiahirisha adhabu, sharti laweza kuwa kurejesha mahali palivyokuwa, na gharama hiyo mara nyingi huipita faini. Fundi anayegundua mchoro chini ya chokaa anapaswa kutoa taarifa ndani ya saa 24 na kuuacha ulipo, wala asijaribu kuusafisha ili auone vizuri.

Kwa wanaouliza namna ya kusaidia, tangu 2014 mchango kwa ajili ya kukarabati mali ya urithi ya umma humpa mlipakodi nafuu ya kodi ya asilimia 65 ya mchango huo, inayogawanywa kwa miaka mitatu, ikiwa malipo yalipitia benki au njia nyingine inayoacha kumbukumbu. Fedha taslimu hazikubaliwi, na tiketi ya kuingilia haihesabiwi kuwa mchango.