Kabla ya Kuuliza Bei: Kuisoma Sarafu ya Zamani ya Uingereza

Haipiti wiki bila mtu kuja kwetu makumbusho na sarafu aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Mara nyingi ni ile senti kumi ya 1936, yenye tundu katikati na jina EDWARDVS VIII. Mwenyewe ameshasikia kwamba mfalme huyo hakumaliza mwaka, na kwamba sarafu zake ni za mamilioni.

Nusu ya habari hiyo ni kweli. Edward VIII alitawala tangu Januari hadi Desemba 1936, akajiuzulu kabla sarafu zenye sura yake hazijaingia mitaani Uingereza. Zimebaki chache za majaribio zenye mwaka 1937, na moja kati yake, sovereni (sarafu ya dhahabu ya pauni moja), ilinunuliwa mwaka 2020 kwa pauni milioni moja. Senti za Afrika Mashariki zilikuwa na bahati nyingine. Kwa kuwa zilikuwa na tundu, hazikuhitaji kichwa cha mfalme. Jina lilitosha, kwa hiyo zikafuliwa kwa wingi mwaka huohuo. Mfalme ni adimu, senti si adimu. Wengi huifunga tena kangani kimyakimya.

Nawaambia haya kwanza kwa sababu kila anayekuja huanza na sura na mwaka. Mghushi naye anajua kwamba huko ndiko macho yanakokwenda, na huko ndiko anakotia ufundi wake wote. Mimi huanza na mizani, kisha ukingo. Sura huja ya tatu.

Mizani iwe ya sonara, yenye kusoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Tangu mageuzi ya 1816, sarafu za fedha za Uingereza zilipangwa kwa uwiano rahisi: shilingi ina gramu 5.66, florini ya shilingi mbili 11.31, nusu krauni 14.14, na krauni ya shilingi tano 28.28. Ukishika uzito wa shilingi, nyingine unazipata kwa kuzidisha. Peni kubwa ya shaba iliyotoka 1860 ina gramu 9.45. Iliyochakaa hupungua kidogo. Iliyozidi uzito ina kasoro, na iliyopungua gramu nzima pia ina kasoro hata kama Malkia Victoria anapendeza usoni. Jaribu na sumaku vilevile. Uingereza ilianza kutumia chuma katika peni zake mwaka 1992, kwa hiyo peni ya Victoria inayorukia sumaku haikutoka Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza.

Mwaka wa sarafu ndio unaokuambia kiasi cha madini ya fedha kilichomo. Hadi 1919 ni asilimia 92.5. Kuanzia 1920 Waingereza wakaipunguza hadi nusu, na kuanzia 1947 wakaiondoa kabisa, wakabakiza shaba na nikeli. Hapa watu wetu hujichanganya kwa shilingi ya simba, ile ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921. Ni kubwa na nzito kuliko shilingi ya London, lakini fedha yake haizidi robo. Ukubwa usikudanganye unapoongea na mnunuzi.

Sasa ukingo. Mtu anayetengeneza feki kwa kalibu humimina madini yaliyoyeyuka, na mara nyingi pande mbili za kalibu huacha mshono unaozunguka sarafu. Ataupiga tupa, na tupa nayo itaacha alama. Meno ya ukingoni yakiwa ya kina kisicholingana, au yakififia sehemu moja tu, weka sarafu chini. Kwenye uwanja, yaani sehemu tambarare isiyo na picha wala maandishi, tafuta vitundu vidogo kama vya uji uliochemka; sarafu iliyofuliwa kwa mashine haina hivyo.

Krauni za mwisho za Victoria, za 1893 hadi 1900, zina mtego ninaoupenda kuliko yote. Ukingoni zimeandikwa maneno ya Kilatini DECUS ET TUTAMEN, yaani pambo na ulinzi, ulinzi dhidi ya wezi waliokuwa wakipunguza sarafu pembeni ili wajikusanyie fedha. Yanafuatwa na mwaka wa utawala kwa tarakimu za Kirumi. Victoria alianza kutawala Juni 1837, kwa hiyo mwaka wake wa utawala ulibadilika katikati ya kila mwaka wa kalenda. Krauni ya 1897 inaweza kuwa LX (60) au LXI (61). Ikiwa na LVII (57), mtu amechanganya kazi yake.

Tarakimu nazo huchongwa upya. Peni ya 1933 ndiyo mfano mashuhuri. Mwaka ule benki zilikuwa na peni tele, zikafuliwa chache mno, nyingine za kuwekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo. Mwaka 1970 wezi walifukua moja kwenye kanisa la Leeds. Kwa hiyo ukiletewa peni ya 1933, chukua lenzi ya kukuza mara kumi uangalie 3 ya mwisho: imekaa mstari mmoja na mwenzake? Shaba inayoizunguka ina rangi moja na uwanja wote? Mchongaji wa 5 kuwa 3 huacha mikwaruzo.

Sovereni ndiyo inayoumiza watu, maana ni dhahabu. Kwenye familia nyingi za pwani iko moja iliyogeuzwa kidani. Sovereni halali ina gramu 7.98 na kipenyo cha milimita 22. Ikishuka chini ya 7.94 hata sheria ya zamani ya Uingereza iliikataa isitumike. Herufi ndogo chini ya farasi wa Mtakatifu George inaonyesha ilikofuliwa: S ni Sydney, M Melbourne, P Perth, SA Pretoria, na London haina herufi. Ya 1917 isiyo na herufi ni adimu, na kwa hiyo hughushiwa sana.

Usimruhusu mtu aikwaruze kwenye jiwe au kuitia asidi. Maji yanatosha. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa chini. Sovereni itasoma kama gramu 0.45. Krauni ya fedha bora itasoma karibu 2.7, ya bandia ya shaba na zinki itapita 3. Ila jueni kwamba zipo sovereni bandia za dhahabu ya kweli. Hizo maji hayazikamati, itabidi lenzi: herufi zilizovimba kama sabuni iliyotumika, na vipele vidogo palipotakiwa kuwa laini.

Kuhusu daraja, wauzaji wa Uingereza huandika F kwa iliyochakaa lakini inasomeka yote, VF kwa iliyotumika kidogo, EF kwa iliyoguswa tu sehemu zilizoinuka, na UNC kwa ambayo haikuingia sokoni. Kampuni za kupima daraja la sarafu kama PCGS na NGC hutumia alama 1 hadi 70. Angalia palipoinuka: nywele juu ya sikio la Victoria, nyusi za George V, kofia ya Mtakatifu George. Halafu kuna tatizo linalowaponza hata wazoefu. Peni nyingi za George V kabla ya 1928 zilifuliwa hafifu, kwa sababu kichwa kikubwa cha mfalme kilivuta shaba kutoka upande wa pili, wenye Britannia, mwanamke anayewakilisha Uingereza. Uso wa Britannia ukififia huku mng'ao wa awali ungalipo, huo si uchakavu.

Limau, majivu, magadi na dawa ya kung'arishia masufuria, vyote viacheni jikoni. Utando wa kijivu juu ya fedha ya zamani ndio ushahidi wa umri wake, na mnunuzi anayejua hulipa zaidi kwa ulio mzima. Nimeletewa florini nzuri sana ya Edward VII iliyosuguliwa usiku uliotangulia ili tuione vizuri. Mwenyewe alitabasamu. Mimi nilikosa la kumwambia, nikamwonyesha tu kwenye lenzi mistari maelfu iliyokwenda upande mmoja.

Shikeni sarafu kwa ukingo, si kwa uso. Hifadhini kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na unyevu wa pwani. Mifuko laini ya plastiki hutoa ute wa kijani unaokula shaba. Na juu ya bahasha andikeni kwa penseli nani aliipata, wapi, na mwaka gani.